Uso Uliopauka, Pua Iliyobandikwa na Rangi Isiyokauka: Utatuzi wa Matatizo kwa Anayenakili Msichana Mwenye Hereni ya Lulu

Anayejifunza kuchora sura ya mtu kwa rangi za mafuta hupunguziwa mzigo mkubwa anaponakili kazi ya zamani, kwa kuwa mkao, mwanga na mpangilio vimekwisha kuamuliwa na fundi mwingine, na yeye amebakiwa na swali moja tu: fundi yule alifanyaje? Mwongozo huu unatumia picha moja, Msichana Mwenye Hereni ya Lulu ya Johannes Vermeer, iliyochorwa yapata mwaka 1665 na inayohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Mauritshuis mjini The Hague, Uholanzi. Picha hiyo ni ndogo, ina mwanga wa upande mmoja tu, haina mikono wala samani za kumchosha mwanafunzi, na mwaka 2018 ilichunguzwa kwa vyombo vya kisasa hivi kwamba tunajua mengi kuhusu tabaka zake. Jumba lenyewe linatoa bila malipo, kwenye tovuti yake, nakala ya kidijitali yenye ubora wa juu, nayo ndiyo inayofaa kutumiwa badala ya picha iliyookotwa popote.

Kuna jambo moja ambalo msomaji atalikuta karibu katika kila kipengele hapa chini. Katika rangi za mafuta, kosa huonekana mbali na mahali lilipozaliwa. Uso hupauka kwa sababu ya kanvasi nyeupe iliyoachwa nyuma yake, pua hukakamaa kwa sababu ya mstari wa penseli, na nyufa za leo zilitiwa kwenye kikombe cha mafuta wiki kadhaa zilizopita. Kwa hiyo mwanafunzi asikimbilie kupaka juu ya mahali panapomkera. Kwanza arudi nyuma hatua moja na kuuliza ni nini kilichofanywa, au kilichorukwa, kabla ya hapo.

Kila kiungo ni sahihi, lakini sura si yake

Chanzo cha kwanza ni uwiano wa kanvasi. Picha ya asili ina kimo cha sentimita 44.5 na upana wa sentimita 39, ilhali kanvasi iliyo tayari inayokaribiana nayo huwa ya sentimita 50 kwa 40. Anayeivuta picha ili ijaze kanvasi hiyo yote anaurefusha uso kwa karibu asilimia 10, na hapo hakuna marekebisho ya macho au midomo yatakayomwokoa. Kwa upana wa sentimita 40, kimo kinachotakiwa ni sentimita 45.6, zile sentimita 4.4 zinazozidi zigawanywe juu na chini na kuzibwa kwa utepe wa karatasi kabla ya kuchora mstari wowote.

Chanzo cha pili ni kanvasi iliyolazwa mezani. Sehemu ya juu ya kanvasi iliyolala iko mbali zaidi na jicho kuliko sehemu ya chini, hivyo huonekana fupi, na mkono huirefusha bila mchoraji kujua. Nakala yangu ya kwanza ilikuwa na paji la uso refu mno, nami nilipoteza siku mbili nikishusha nyusi na kupandisha kilemba, hadi nilipoiegemeza ukutani na kuona kwamba nyusi hazikuwa na hatia yoyote. Kanvasi isimamishwe wima, picha ya kunakili iwekwe kando yake kwa kimo kilekile, na mchoraji awe na mazoea ya kurudi nyuma hatua tatu au nne kila baada ya dakika chache.

Ikiwa vyanzo hivyo viwili havipo, basi tatizo ni utaratibu wa kuchora kiungo kimoja hadi kikamilike ndipo kuanza kingine. Sura hukaa katika umbali ulio baina ya viungo kuliko katika viungo vyenyewe. Ugeuze mchoro wako na picha ya kunakili kichwa chini miguu juu, kisha ulinganishe maumbo ya nafasi tupu: pembetatu ya giza iliyo kati ya taya na kola, kipande cha ngozi kilicho kati ya jicho na ukingo wa kilemba, na pembe ya mstari unaounganisha macho mawili ikilinganishwa na pembe ya mstari wa mdomo. Kuitazama kazi katika kioo hufanya kazi hiyohiyo kwa haraka zaidi. Haya yote yafanywe kabla ya rangi kuanza, maana kuhamisha jicho lililokwisha kupakwa rangi ni kazi ya siku nzima, na mara nyingi jicho hilo hurudi likiwa baya zaidi.

Uso umepauka kama ukuta uliopakwa chokaa

Hili ndilo lalamiko la wanafunzi wengi kuliko yote, nalo lina vyanzo viwili vinavyosaidiana kuharibu kazi.

Cha kwanza ni kanvasi nyeupe. Rangi ya ngozi yenye mwanga wa kadiri, ikiwekwa peke yake juu ya weupe mtupu, huonekana nyeusi mno, na mwanafunzi huongeza nyeupe ili kuipunguza makali. Anaendelea hivyo uso mzima, na kila kitu kinaonekana sawasawa. Kisha mwishoni anapaka giza la nyuma ya kichwa, na papo hapo uso uleule unaruka mbele ukiwa umekauka kama plasta. Hapo hulaumu rangi ya ngozi, ilhali kosa lilifanyika siku ya kwanza, alipoamua kuanza na uso. Uchunguzi wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba Vermeer alifanya kinyume chake: alikwenda kutoka nyuma kuja mbele, akianza na mandharinyuma na ngozi ya uso, kisha koti la manjano, kola nyeupe, kilemba, na mwisho lulu. Chini ya hayo yote alikuwa ametanguliza tabaka za kahawia na nyeusi zilizogawa mahali pa mwanga na mahali pa giza.

Utatuzi wake kwa nakala mpya ni kuufunika weupe wa kanvasi kwa tabaka jembamba la kahawia ya udongo iliyopunguzwa kwa tapentaini, kuliacha likauke, kuuchora uso mzima kwa kahawia hiyohiyo ukitofautisha mwanga na kivuli tu, na kuijaza mandharinyuma kabla ya kuchanganya hata tone moja la rangi ya ngozi. Kwa nakala iliyokwisha kuharibika, paka kwanza giza la nyuma na weupe wa kola, kisha ndipo uuhukumu uso. Mara nyingine utagundua kwamba nusu ya maeneo uliyodhani ni mabaya hayahitaji kuguswa.

Cha pili ni nyeupe yenyewe. Vermeer alitumia nyeupe ya risasi, ambayo ina uvuguvugu kidogo, yaani huegemea manjano, na haifuniki kwa ukali. Wengi leo hutumia nyeupe ya titani, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo hufunika kwa nguvu nyingi na huifanya rangi yoyote iwe baridi, yaani iegemee bluu. Sitamshauri mwanafunzi arudi kwenye nyeupe ya risasi, kwani ni sumu na hakuna kinachomlazimu kuishika. Anachoweza kubadili ni mpangilio wa kuchanganya. Anayeanza na rundo la nyeupe na kulitia rangi kidogo kidogo hujikuta daima katika upande wa chokaa. Anayeanza na manjano ya udongo na nyekundu kidogo, kisha akaongeza nyeupe kwa ncha ya kisu cha kuchanganyia, husimama mapema. Pale ngozi inapohitaji mwanga zaidi, jaribu kuongeza manjano hafifu kabla ya kuongeza nyeupe.

Ili kujua kama umevuka mpaka, kata matundu mawili madogo yanayolingana kwenye kadi ya kijivu. Weka kadi hiyo juu ya paji la uso katika picha ya kunakili, uone rangi iliyomo ndani ya tundu ikiwa imetengwa na majirani zake, kisha uiweke juu ya kazi yako. Karibu kila mtu hushtuka kuona kwamba sehemu angavu ya paji la uso si nyeupe hata kidogo. Weupe wa juu kabisa katika picha hii umetengewa sehemu chache mno, yaani kola, lulu na vinukta vya macho. Ukiutumia kwenye shavu, lulu haitakuwa na kitu cha kung'ara nacho.

Ngozi imekuwa ya matope

Matope hutokea rangi nyingi zinapokutana zikiwa mbichi. Nyeusi ya kivuli ikivutwa na brashi kuelekea kwenye mwanga, kivuli hupoteza kina chake, mwanga hupoteza usafi wake, na katikati hubaki kijivu ambacho hakina jina. Chunguza mambo matatu kwa mpangilio huu: idadi ya rangi zilizo katika mchanganyiko mmoja, ambayo isizidi tatu pamoja na nyeupe, idadi ya brashi zilizo mkononi, na hali ya tapentaini ndani ya kikombe, ambayo ikiwa imegeuka kahawia inaipeleka kahawia hiyo kwenye kila kitu unachogusa.

Changanya marundo matatu ya rangi kabla ya kuanza, la mwanga, la nusu kivuli na la kivuli, na kila rundo liwe na brashi yake ambayo haitoki nje ya mtaa wake. Weka rangi kama vigae vilivyopakana, usizisugue. Baada ya eneo lote kujaa, pitisha brashi kavu na laini mara moja au mbili kwenye mipaka pekee, kisha uache. Wanafunzi wengi huijua hatua hii ila hawajui kuacha, na mpito wa kumi na tano wa brashi ndio unaoleta matope, hata kama rangi zilichanganywa vizuri.

Kivuli chenyewe kisitengenezwe kwa kuongeza nyeusi kwenye rangi ya ngozi. Katika uso huu vivuli vina uvuguvugu wa kahawia nyekundu, na ubaridi unapatikana katika eneo jembamba la mpito lililo baina ya mwanga na kivuli. Mwanafunzi akiutambua mpito huo mmoja, chini ya shavu kuelekea taya, amefahamu nusu ya uchoraji wa ngozi.

Ikiwa tope limekwisha kutokea na rangi bado ni mbichi, usijaribu kulifunika. Likwangue kwa kisu, au bandika karatasi ya gazeti juu ya eneo lile, likandamize taratibu kwa kiganja na kulibandua. Karatasi itaondoka na rangi ya ziada na kuacha kivuli chepesi cha umbo lililokuwepo, ambacho ni mwanzo mzuri kuliko kanvasi tupu. Matambara na karatasi zilizolowa mafuta ya kitani zisirundikwe pembeni, kwa sababu mafuta hayo hutoa joto yanapokauka na rundo linaweza kuwaka moto lenyewe. Yatandazwe wazi nje yakauke, au yaloweshwe ndani ya chombo cha chuma chenye maji na kifuniko.

Pua inaonekana kama imebandikwa

Tazama kwa makini daraja la pua katika picha ya asili, upande wake wa kushoto, pale linapokutana na shavu la mbali. Utautafuta mstari unaotenganisha pua na shavu na hutauona, kwa kuwa haupo. Vermeer ameyaacha maeneo hayo mawili yenye mwanga yaungane kuwa eneo moja, na jicho la mtazamaji ndilo linalokamilisha pua kwa kufuata ncha yake, kivuli cha tundu lake na mng'aro ulio juu yake. Mwanafunzi, ambaye anajua kwamba pua ina upande, huuchora upande huo kwa penseli, kisha huupaka kwa uaminifu, na matokeo yake ni pua iliyokatwa kwa mkasi.

Chanzo kwa hiyo kiko katika mchoro wa awali, unaomwonyesha mchoraji mipaka yote kwa uzito uleule. Rudi kwenye picha ya kunakili, ufumbe macho nusu, na uigawe mipaka yote ya uso katika makundi matatu: ile inayobaki wazi macho yakiwa yamefumbwa nusu, ile inayolegea, na ile inayotoweka. Ukingo wa shavu dhidi ya giza la nyuma ni mkali, ukingo wa taya ulio kwenye kivuli umelegea, na daraja la pua limetoweka. Kisha ufute katika mchoro wako mistari yote ya kundi la tatu, hata kama mkono unasita.

Kwa kazi iliyokwisha kupakwa, rangi ikiwa mbichi, chukua brashi safi na kavu, uivuke pua kwa kutoka kwenye shavu kwenda kwenye daraja, ukikata mstari kwa upande badala ya kuufuata. Ikiwa imekauka, changanya rangi moja ya mwanga na uiweke juu ya pua na shavu kwa pamoja, kana kwamba ni sehemu moja ya ngozi.

Macho yanakodoa na mdomo umekuwa mkavu

Weupe wa jicho si mweupe. Ni kijivu chenye joto kidogo, kilicho kwenye kivuli cha kope la juu, na jicho likipakwa nyeupe halisi hukodoa bila kujali limechorwa vizuri kiasi gani. Punguza weupe huo hadi uone kwamba umezidisha, kisha weka nukta moja ya mwanga juu ya mboni, na jicho litaamka. Uchunguzi wa mwaka 2018 uligundua vinywele vidogo vya kope ambavyo havionekani kwa macho matupu, lakini hilo lisimfanye mwanafunzi achore kope mojamoja.

Midomo hukauka kwa sababu ya mstari mweusi uliopigwa katikati yake na mzingo uliopigwa kando. Mstari wa katikati uwe wa kahawia nyekundu na ulegee kuelekea pembeni. Kisha uongeze ile nukta ndogo ya waridi katika pembe ya mdomo, ambayo ni ndogo kuliko punje ya mchele na ndiyo inayoupa mdomo unyevu wake.

Hereni imefanana na kitufe

Hapa tatizo ni bidii. Mwanafunzi hujua kwamba lulu ni tufe, akachora duara, akalijaza kijivu, akaongeza kivuli kuzunguka na mng'aro juu, na kupata kitufe. Katika picha ya asili hakuna duara lililozungushwa wala ndoano inayoishikilia lulu sikioni. Upo mguso mmoja mzito wa nyeupe juu kushoto, upo mwangwi mpana na laini wa weupe wa kola upande wa chini, na kati ya hivyo viwili ni kivuli cha shingo kinachoonekana kupita ndani ya lulu.

Kwa sababu hiyo lulu haiwezi kurekebishwa ikiwa shingo nyuma yake haiko sawa. Kivuli cha shingo kikiwa chepesi mno, hakuna nyeupe itakayotosha. Futa lulu yote, ipake shingo kwa giza lake kamili, iache ikauke, kisha urudi na brashi mbili: moja yenye rangi nyembamba ya kijivu kwa ule mwangwi wa chini, ambao usuguliwe kidogo ili kivuli kipenye, na nyingine yenye nyeupe nzito kwa mguso wa juu. Mguso huo uwekwe mara moja. Ukiukosea, ufute kwa kitambaa na kuurudia, lakini usiurekebishe ukiwa papo hapo.

Kilemba kimegeuka zambarau, au bluu yake imekufa

Vermeer alitumia ultramarini iliyotengenezwa kwa jiwe la lapis lazuli, ambalo katika zama zake lilitoka Afghanistan na liligharimu fedha nyingi. Tangu miaka ya 1820 ultramarini hutengenezwa kiwandani, na hiyo ndiyo iliyomo katika mirija ya leo. Bluu hii huegemea upande wa nyekundu kwa asili yake, hivyo brashi yenye mabaki ya rangi ya ngozi hutosha kuigeuza zambarau. Tumia brashi ambayo haijagusa uso.

Bluu iliyokufa, kwa upande mwingine, ni bluu iliyotiwa nyeupe kila mahali. Ultramarini hupitisha mwanga, na uzuri wake katika kivuli hutokana na kuwekwa nyembamba juu ya tabaka jeusi lililokauka. Nyeupe itiwe upande wa mwanga pekee. Upande wa kivuli uachiwe ultramarini tupu iliyopanuliwa kwa mafuta ya kitani kidogo. Aliyeruka tabaka la giza la chini hana njia ya mkato, na atalazimika kulipaka sasa na kusubiri.

Nyuma ya kichwa pana shimo jeusi

Mandharinyuma ya picha hii inaonekana nyeusi katika nakala nyingi zilizochapishwa, na mwanafunzi huikamulia nyeusi kutoka kwenye mrija. Nyeusi hiyo haina uhai, na huufanya uso uonekane kama umekatwa na kubandikwa. Uchunguzi umeonyesha kwamba msanii aliweka tabaka la kijani linalopitisha mwanga juu ya giza, kwa kutumia nili na rangi ya manjano iliyotokana na mmea, na kwamba palikuwa na pazia la kijani lenye mikunjo ambalo limepotea kadiri rangi hizo zilivyobadilika kwa karne nyingi. Mwenye kunakili ana uamuzi wa kufanya: kuiga hali ya sasa au kuirudia hali ya zamani. Mimi hupendelea ya kwanza kwa anayejifunza, kwa sababu pazia lenyewe hatulioni vya kutosha kulinakili bila kubuni. Katika hali zote mbili, changanya nyeusi na kijani au bluu na kahawia, na uiache iwe na joto kidogo karibu na upande wa kivuli cha uso.

Rangi yenyewe inakataa

Matatizo ya kikemia hujitokeza baadaye, wakati mchoraji ameshasahau alichofanya, kwa hiyo ni vema kuandika nyuma ya kanvasi tarehe na mchanganyiko wa kila tabaka.

Rangi isiyokauka kwa wiki kadhaa huwa imewekwa nene, au imechanganywa na mafuta mengi, au imetoka katika kundi linalokauka polepole, kama nyeusi ya mifupa na nyekundu ya alizarini. Ikumbukwe kwamba rangi ya mafuta haikauki kama nguo inavyokauka. Mafuta hushika oksijeni ya hewa na kuwa kigumu. Chumba chenye giza na hewa iliyosimama huchelewesha jambo hilo, na mwanga na hewa inayotembea huliharakisha. Kahawia za udongo zenye manganizi hukauka upesi, na ndiyo sababu nyingine ya kuzitumia katika tabaka la kwanza.

Madoa yasiyong'aa, hasa kwenye kivuli cha shingo na nyuma ya kichwa, yanaonyesha kwamba tabaka la chini limefyonza mafuta ya tabaka la juu, ama kwa sababu kanvasi haikuandaliwa vya kutosha, ama kwa sababu tapentaini ilikuwa nyingi mno. Usikimbilie kubadili rangi ya doa hilo, maana imeonekana nyepesi kwa kukosa mafuta tu. Likiwa limekauka, lipake mafuta ya kitani kiasi kidogo sana kwa kitambaa, subiri dakika chache, kisha uyafute yote yanayoweza kufutika. Rangi yake halisi itarudi, na hapo ndipo utajua kama inahitaji kuguswa.

Rangi mpya inayojikusanya matone kama maji juu ya jani la mgomba inakataa kushikana na tabaka la chini lililo na mafuta mengi au linalong'aa mno. Lisugue taratibu kwa msasa laini sana hadi mng'ao upungue, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, na uendelee.

Nyufa ni adhabu ya aliyeweka tabaka linalokauka haraka juu ya tabaka linalokauka polepole. La juu limeshakuwa gumu, la chini bado linatembea, na la juu hupasuka. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila tabaka liwe na mafuta zaidi ya lililo chini yake: la kwanza na tapentaini, la pili na rangi jinsi ilivyotoka kwenye mrija, yanayofuata na mafuta ya kitani yanayoongezeka kidogo kidogo. Nyufa zilizokwisha kutokea hazina dawa ya kudumu. Kuzijaza ni kuficha, nazo hufunguka tena, hivyo kanvasi hiyo ibaki kuwa ya mazoezi.

Jana usiku ilikuwa sawa, asubuhi imebadilika

Hakuna kilichobadilika isipokuwa taa. Balbu yenye mwanga wa manjano huficha manjano iliyozidi kwenye ngozi, na mwanga wa mchana huifichua. Kioo cha simu au kompyuta kinachotoa mwanga mkali kuliko chumba nacho humfanya mchoraji akimbizane na mng'aro ambao rangi haiwezi kuufikia. Tumia taa ileile kwa kanvasi na kwa paleti, yaani ubao wa kuchanganyia rangi, punguza mwanga wa kioo hadi ulingane na karatasi nyeupe iliyowekwa kando yake, na usifanye uamuzi wowote wa rangi ya ngozi baada ya kuchoka.

Kabla ya kuitundika

Vanishi iliyogeuka kuwa na ukungu au kunata ni ya mtu aliyeharakisha. Tabaka nyembamba zisubiri miezi sita hadi kumi na miwili kabla ya vanishi ya mwisho. Kuhusu sahihi, Vermeer aliweka yake juu kushoto, wewe usiinakili. Hata majumba ya makumbusho yanayoruhusu wanafunzi kunakili mbele ya kazi za asili, kama Louvre mjini Paris, hutaka kanvasi yao isiwe ya ukubwa ule ule wa asili, ili nakala isije ikachukuliwa kuwa kazi yenyewe. Aliyefuata ukubwa kamili wa sentimita 44.5 kwa 39 aandike nyuma ya kanvasi, kwa rangi isiyofutika, jina lake, mwaka na neno "nakala".